Mwezi wa nne, mwezi wa kusingiziwa njaa

Hapa Uganda, mtoto akitimiza miezi minne, nyumba nzima hugeuka daktari. Jajja, yaani bibi, anasema maziwa ya mama yamekuwa maji. Jirani wa muzigo wa pili, chumba cha kupanga cha pembeni, aliyesikia kilio cha saa nane usiku, asubuhi anabisha hodi na unga wa mtama. Mama mwenyewe akishika matiti anayakuta laini, hayana tena ule ugumu wa wiki za mwanzo, naye anaanza kusadiki. Mtoto kwa upande wake hasaidii: anatafuna ngumi, anadondosha mate, ananyonya dakika tano kisha anageuza shingo kumtazama kuku mlangoni.

Yote hayo husomwa kuwa njaa, na mara nyingi si njaa. Heri ni kwamba jambo hili halihitaji mabishano na mama mkwe, kwa sababu linapimika.

Anza na mizani, maana mizani haina ukoo. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mvulana wa wastani ana kilo 4.5 akiwa na mwezi mmoja, kilo 5.6 miezi miwili, 6.4 miezi mitatu, 7.0 miezi minne na 7.5 miezi mitano. Msichana ni 4.2, 5.1, 5.8, 6.4 na 6.9. Sasa fanya hesabu ya kutoa. Mvulana yule aliongeza kilo 1.1 kati ya mwezi wa kwanza na wa pili, lakini kati ya wa tatu na wa nne ameongeza gramu 600 tu, na mwezi unaofuata ataongeza 500. Mwendo wa kukua hupungua wenyewe. Mama aliyezoea kusikia "kilo nzima" kliniki, siku akiambiwa nusu kilo na kidogo anadhani ziwa limekauka, kumbe kalenda ndiyo imesogea.

Kinachotazamwa kwenye kadi ni mwelekeo wa mstari, si ukubwa wa namba. Mvulana wa kilo 6 aliyekuwa mdogo tangu kuzaliwa na anapanda sambamba na mkunjo wake, yaani mstari uliochorwa kwenye kadi, hana neno. Mwenye kilo 7.5 ambaye hajaongeza chochote kwa miezi miwili ana neno. Mvulana wa miezi minne aliye chini ya kilo 5.6, au msichana aliye chini ya 5.0, asirudi nyumbani kabla mhudumu hajachunguza kwa nini na kumtazama akinyonya.

Upimaji nao una hila zake. Mizani ya kuning'inia lazima irudishwe kwenye sifuri ile chupi ya kupimia ikiwa tayari imetundikwa, tupu. Mtoto avuliwe kila kitu, kwa sababu napi iliyojaa mkojo peke yake inaweza kumpa gramu mia mbili za bure, na mwezi ujao akipimwa bila napi ataonekana amekonda. Miguu isiguse meza, mama asimshikilie. Kama mwezi huu umepima kituo kimoja na mwezi ujao kingine, tofauti ya gramu mia moja au mbili isikukoseshe usingizi.

Kipimo cha pili ni napi. Zilizolowa sita au zaidi kwa saa 24, mkojo mweupe usio na harufu kali, maana yake maji yanaingia ya kutosha, na kwa mtoto wa miezi minne maji hayo yote yanatoka kwenye maziwa. Choo hakina hesabu. Anayenyonya tu anaweza kupata choo mara nne kwa siku au mara moja kwa siku tano, na yote ni sawa ilimradi kinatoka laini. Choo kigumu kama mavi ya mbuzi, damu, au tumbo lililovimba pamoja na kutapika, hayo ni ya kwenda hospitali. Matapishi ya rangi ya kijani ni ya kwenda usiku huohuo.

Matiti laini yana maelezo mepesi. Wiki za mwanzo mwili haujui kipimo, unatengeneza kupita mahitaji, na ziada ndiyo ile inayovimbisha na kuchuruzika. Kufikia mwezi wa tatu umeshajua. Maziwa sasa hutengenezwa kwa kadiri mtoto anavyonyonya, kwa hiyo hakuna ziada ya kuvimbisha kitu. Na dakika tano hadi kumi zinamtosha kwa sababu taya zimepata nguvu, kazi iliyochukua nusu saa alipokuwa na wiki mbili anaimaliza kabla chai haijapoa.

Kisha kuna macho. Miezi minne ndiyo umri ambao chumba kizima kinaonekana, na rangi, na watu wanaopita. Honi ya boda, redio, mtoto mkubwa anayeruka kamba: vyote vinamtoa kwenye chuchu, wakati mwingine akiwa bado ameiuma. Mnyonyeshe pale anapoamka, kabla hajachangamka, chumbani penye giza kidogo, umpe mgongo mlango. Asiposhiba mchana kwa sababu ya umbea huu atafidia usiku, na hiyo ni sababu moja ya kuamka.

Ngumi mdomoni alipokuwa mchanga ilikuwa dalili ya njaa. Sasa ni kazi yake ya kutwa, kwa kuwa ameigundua mikono na mdomo ndio chombo anachotumia kuichunguza. Ukitaka kujua kama ana njaa kweli, mwonyeshe ziwa. Mwenye njaa wa umri huu hufungua mdomo kabla hujamkaribia na kurusha miguu. Asiye na njaa atalitazama kama anavyotazama dari.

Usiku

Usingizi ndio unaovunja moyo wengi, kwa sababu mtoto alikuwa ameanza kulala saa tano mfululizo halafu ghafla anaamka kila saa moja na nusu. Wakati huu ubongo unaupanga usingizi upya ufanane na wa mtu mzima, wenye hatua nyepesi na nzito zinazozunguka. Kila mzunguko ukiisha anazinduka kidogo. Sisi huzinduka pia, tunageuka upande na kusahau. Yeye hajui kugeuka upande, anajua kulia. Uji hautaubadilisha mpango huo; utampa tumbo zito tu.

Kwa siku nzima anahitaji jumla ya saa 12 hadi 16, pamoja na vile vipande vitatu au vinne vya mchana. Akikaa macho saa moja na nusu hadi mbili, amechoka, hata kama anacheka. Mkipitiliza hapo mtapata mtoto anayepigana na usingizi wake. Mchana mwache penye mwanga na kelele za kawaida. Usiku msiwashe taa kubwa wala simu, msiongee naye, mnyonyeshe mkiwa mmelala ubavu na umrudishe. Akianza kunung'unika subiri dakika moja kabla ya kumnyakua. Mara nyingine alikuwa hajaamka hata.

Alale chali, juu ya godoro gumu lisilobonyea, bila mto, ndani ya chandarua chenye dawa kilichochomekwa chini ya godoro pande zote. Vitabu vinasema awe na kitanda chake. Muzigo wa chumba kimoja una kitanda kimoja, basi tuseme la kweli: alale upande wa mama, si katikati ya watu wazima wawili na si penye ufa kati ya godoro na ukuta, mablanketi mazito yakae mbali na uso wake. Aliyekunywa waragi au anayevuta sigara atandikiwe chini. Sofa ni marufuku kwa usingizi wa mama na mtoto pamoja. Na sigiri, jiko la makaa, isilale ndani hata mvua ikinyesha Kabale nzima. Moshi wa makaa yaliyoiva hauonekani wala haunuki, na huua.

Kama bado unamfunga shuka mikono ndani, acha sasa. Mtoto anayekaribia kujigeuza akijikuta kifudifudi mikono imefungwa hawezi kuinua uso. Kitandani usimwache peke yake hata kwa muda wa kuchota maji. Wengi hujigeuza kwa mara ya kwanza siku ambayo hakuna aliyetarajia, na kitanda cha futi mbili kinatosha kumuumiza. Mkeka sakafuni haumwangushi mtu.

Uji na namna unavyotimiza unabii wake

Turudi kwa yule jirani na unga wake. Iwe bushera (uji wa mtama), uji wa mahindi au maziwa ya ng'ombe yaliyoongezwa maji, mambo huenda hivi. Uji wa mtoto hutengenezwa mwepesi ili umezeke, kwa hiyo ni maji mengi na nguvu kidogo. Tumbo linajaa. Akishajaa ananyonya mara chache. Ziwa hutengeneza kwa kadiri linavyonyonywa, basi linapunguza. Wiki mbili baadaye maziwa yamepungua kweli, mtoto anaonyesha njaa ya kweli, na aliyeshauri uji anaonekana alikuwa na busara.

Maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo mno, chumvi na protini nyingi kuliko figo za umri huu zinavyoweza, na huweza kuvujisha damu kidogokidogo kwenye utumbo bila kuonekana, mpaka siku mtu atakapogundua viganja vyeupe. Maji na kikombe huleta kuhara. Mahindi na karanga zilizowekwa na unyevu hubeba sumu ya ukungu, na ini la mtoto ni dogo. Mama anayeishi na virusi vya Ukimwi ana sababu ya ziada: kuchanganya ziwa na vyakula vingine mapema kunachubua utumbo na kufungua njia. Yeye anyonyeshe maziwa matupu miezi sita, ameze dawa zake kila siku bila kuruka, na asikose kipimo cha mtoto cha miezi tisa hata kama kile cha wiki sita kilitoka safi.

Chakula kinaanza akitimiza miezi sita. Kufikia hapo ataweza kukaa akishikiliwa, shingo imara, na ulimi hautasukuma kijiko nje. Mtoto wa miezi minne anayetazama sahani yako kwa hamu anatazama pia funguo, ndala na mkia wa paka kwa hamu ileile.

Wenye haki ya chuma kabla ya hapo ni waliozaliwa kabla ya wakati au wakiwa chini ya kilo 2.5. Hao akiba yao huisha mapema, na huanzishiwa matone ya chuma kliniki tangu mwezi wa pili, kipimo kikifuata uzito. Kama wako alizaliwa mdogo na hujapewa, uliza safari hii.

Mama anaporudi kazini

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mama siku 60 za kazi zenye malipo, na baba siku 4. Siku 60 za kazi ni wiki kumi na mbili, basi mtoto anapotimiza miezi minne aliyeajiriwa amesharudi ofisini kwa wiki kadhaa. Muuza nyanya wa Busia au Arua hana sheria ya kumlinda, alirudi zamani. Hapa ndipo kunyonyesha huvunjika, na mara nyingi kwa kukosa hesabu tu.

Hesabu yenyewe ni hii. Mtoto wa mwezi mmoja hadi sita hunywa wastani wa mililita 750 hadi 800 kwa siku nzima, na kiasi hicho hakibadiliki sana miezi yote hiyo. Kwa kila saa utakayokuwa mbali acha mililita 25 hadi 30. Saa tisa ni kama 225 hadi 270, zigawe mara tatu za 75 hadi 90. Mlezi akikuambia amemaliza chupa ya 200 na bado analia, tatizo ni chupa inayomimina haraka kuliko anavyoweza kusema basi.

Kukamua kwa mkono hakuhitaji mashine. Nawa kwa sabuni. Papasa titi kwa vidole dakika moja kuelekea chuchu. Weka kidole gumba juu na vidole viwili chini, kama sentimita tatu nyuma ya ncha ya chuchu. Sukuma kwanza kuelekea kifuani, kisha bana, kisha achia. Wanaoumia ni wale wanaovuta chuchu au kuteleza juu ya ngozi. Vidole havitelezi, vinabana palepale na baadaye vinahamia pembe nyingine. Matone machache ya kwanza yasikukatishe tamaa, maziwa hushuka baada ya dakika moja au mbili. Kamua upande mmoja dakika tatu hadi tano mpaka mtiririko upungue, hamia wa pili, rudi tena. Yote ichukue dakika 20 hadi 30. Asubuhi na mapema kuna maziwa mengi kuliko jioni. Kazini kamua kila baada ya saa tatu hivi. Anayeruka siku nzima ataona maziwa yamepungua kabla ya Ijumaa, na wakati mwingine atapata uvimbe mgumu wenye homa.

Hifadhi kwenye chombo cha kioo au plastiki ngumu chenye kifuniko, kilichooshwa na kuchemshwa. Mezani, penye joto lisilozidi nyuzi 25, yanakaa saa nne. Mchana wa Gulu au Moroto hupita hapo, hesabu pungufu. Kwenye friji, ndani kabisa na si mlangoni, siku nne. Kwenye kisanduku cha baridi chenye barafu, saa 24. Yakigandishwa yanakaa miezi, lakini yakiyeyuka yatumike ndani ya siku moja na yasigandishwe tena, na hilo hutokea bila kupenda umeme ukikatika usiku kucha. Yataonekana yamejitenga, mafuta juu na maji ya rangi ya samawati chini. Hayajaharibika, tikisa taratibu. Harufu kama ya sabuni si kitu. Harufu ya uchachu, mwaga.

Kupasha moto ni kuweka chombo ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu. Yasiwekwe juu ya sigiri. Mtoto akibakiza, kilichoguswa na mate kinywewe ndani ya saa mbili au kimwagwe, hata kama roho inauma.

Kikombe kidogo kinaosheka kuliko chupa, ambayo chuchu yake ya mpira huficha ukoko wa maziwa. Mlezi amkalishe mtoto wima mapajani, kingo ya kikombe iguse mdomo wa chini, ainamishe mpaka maziwa yafike tu midomoni, asubiri. Mtoto atanywa mwenyewe. Kumimina ndiko kunakopalia. Siku mbili tatu za mwanzo nusu yake itaishia kwenye nguo, na afadhali siku hizo ziwe kabla ya wewe kurudi kazini. Asiye na friji wala nafasi ya kukamua ana njia moja nzuri kuliko zote: mlezi amlete mtoto sokoni saa sita.

Meno ambayo si meno

Sasa jambo ambalo hatutaki kulizungumza kwa upole. Mtoto akiwa na miezi minne au mitano, pale penye chonge, ufizi huwa umevimba kidogo na kuonekana mweupe. Ni jino la utotoni likiwa bado ndani, na halitatokeza hadi kama mwaka na miezi minne au zaidi. Siku akipata homa na kuhara, mtu hufungua mdomo, anaona uvimbe ule na kutangaza ebinyo, meno yanayodaiwa kuleta ugonjwa. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, waliyaita meno ya plastiki. Ng'oaji hufanyika kwa spoku ya baiskeli, kisu au kucha. Kinachotolewa ni kichanga cha jino halisi. Mtoto anaachwa na kidonda kinachovuja damu, hatari ya pepopunda, ya damu kuingia vijidudu na ya virusi kutoka kwa mtoto aliyetangulia chini ya chombo kilekile, na jino la ukubwani linaweza kuja limepinda au lisije kabisa. Malaria au kuhara kulikoleta homa kunabaki palepale, sasa kumechelewa siku mbili.

Mate nayo hayatangazi jino. Tezi za mate zimeanza kazi kwa nguvu na mtoto hajajua kumeza kila kitu. Jino la kwanza, la chini katikati, kwa kawaida huja karibu na mwezi wa sita. Jino halileti homa kali wala kuhara. Anayeharisha anaharisha kwa sababu ameingiwa na vijidudu. Endelea kumnyonyesha mara nyingi zaidi, mpe maji ya ORS kwa kijiko, mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji, na zinki, ambayo kwa aliye chini ya miezi sita ni miligramu 10 kwa siku, yaani nusu ya kidonge cha 20, kwa siku 10, hata choo kikikoma siku ya tatu.

Joto la kwapani la nyuzi 37.5 au zaidi ni homa. Apimwe malaria kliniki kabla ya kupewa dawa, maana dawa mseto hutolewa kwa uzito na duka la dawa halina mizani. Ya homa ni parasetamoli, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 6 akipewa mililita 2.5 za sharubati ya miligramu 120 kwa mililita 5 amepata miligramu 60, inatosha. Asipewe zaidi ya mara nne kwa siku. Tazama lebo, kwa sababu yapo matone ya watoto yenye dawa nyingi zaidi katika mililita moja, na kosa la kupima matone hayo kwa kijiko cha sharubati ni kosa la ini.

Kupumua hesabu dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, nguo imefunuliwa. Kufikia 50 au zaidi ni nimonia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mbavu zikizama anapovuta pumzi, akikataa ziwa kabisa, akitapika kila kitu, akishikwa degedege au akilegea asiamke vizuri, usimsubiri VHT, mhudumu wa afya wa kijiji, arudi kutoka shambani. Panda boda.

Anachopaswa kufanya, na unachofanya naye

Mwisho wa mwezi wa nne wengi hushika kichwa imara bila msaada, huegemea viwiko wakilala kifudifudi, hushika kitu ukiwawekea mkononi, hupiga vinavyoning'inia, hugeukia sauti yako, hucheka kidogo mkiwachekesha na hutabasamu wenyewe ili mtu awaangalie. Sauti ni "aaa" na "uuu", na hunyamaza kukupa zamu. Jibu. Lugha ni yoyote, Kiswahili, Luganda, Lugbara, zote pamoja, hachanganyikiwi. Aliyezaliwa wiki nane kabla ya wakati muondolee hizo nane, mhesabu ana miezi miwili.

Kifudifudi ndicho kifanyio chake cha mazoezi. Jumla ya dakika 30 kwa siku, ukizikata vipande vya dakika tatu hadi tano, akiwa macho, si mara tu baada ya kunyonya. Akilia, lala chali umweke kifuani kwako, au zungusha kanga uiweke chini ya kifua chake mikono ikiwa mbele. Kichezeo kizuri ni chupa ndogo ya maji yenye maharage machache ndani na kifuniko kilichokazwa kwelikweli. Shanga na kamba shingoni ziondoke sasa, kwa kuwa mikono inajua kuvuta.

Mgongoni kunamfaa, hasa nyonga, kwa sababu miguu hutanuka na magoti kupanda. Lesu ifike usawa wa mabega yake, ishike makalio yote na mapaja, uso uwe upande na pua iwe wazi. Mtoto mgongoni juu ya boda ni habari nyingine. Gari likigonga kwa nyuma, yeye ndiye wa kwanza. Kama hakuna njia nyingine awe mbele, katikati ya mama na dereva, na dereva aambiwe mwendo.

Kuoga ni jambo fupi. Maji ya uvuguvugu yapimwe kwa kiwiko, kina kisizidi sentimita tano, dakika tano zinatosha, mkono wako mmoja usimwachie kamwe. Wanaotumia kyogero, maji ya kuogea ya mitishamba, wawe macho kwenye jambo moja: yasinywewe, na yasilazwe kwenye beseni kutoka jana. Funua mikunjo ya shingo, kwapa na mapaja, maziwa hujificha humo na kuchubua. Poda achana nayo, anaivuta mapafuni.

Nguo na napi zilizoanikwa nje zipigwe pasi zote, pande mbili, hasa mishono na mipira ya kiunoni. Kuna nzi wa embe anayetaga kwenye nguo zenye unyevunyevu, na funza wake huingia kwenye ngozi laini na kutokeza kama jipu lenye tundu katikati. Joto la pasi huua mayai.

Kadi, kichwa na macho

Chanjo za wiki ya 14 zinapaswa kuwa zimeshaandikwa: dozi ya tatu ya matone ya polio, ya tatu ya ile sindano ya magonjwa matano, ya tatu ya nimonia, na sindano ya polio. Aliyechelewa haanzi upya, anaendelea alipoachia, kwa nafasi ya wiki nne. Baada ya hapo wengi huona kliniki imekwisha hadi surua na homa ya manjano za miezi tisa. Haijaisha. Aprili 2025 chanjo ya malaria ilianza kutolewa katika wilaya 105, dozi za miezi 6, 7, 8 na 18, na matone ya vitamini A huanza mwezi wa 6. Andika tarehe ya miezi sita nyuma ya kadi leo.

Ukiwa hapohapo kliniki omba mambo mawili ambayo hayachukui hata dakika tatu. La kwanza ni utepe kichwani. Katika umri huu, mvulana wa wastani ana sentimita 41.6, msichana 40.6. Kichwa kinachokimbia kuliko mkunjo wake, utosi uliovimba akiwa ametulia na ameketi wima, macho yanayotazama chini kama jua linalozama: hayo ni maji kichwani, ambayo hapa kwetu mara nyingi hufuata maambukizi ya wiki za kwanza za maisha. Hospitali ya CURE, Mbale, imejijengea jina kwa kuyatibu kwa njia ambayo watoto wengi hawahitaji kuachiwa mrija mwilini, na anayewahi hupona na akili yake. Utosi unaodunda taratibu, usiovimba wala kuzama, ni wa kawaida. Uliozama ni wa mtoto aliyepungukiwa maji.

La pili ni macho. Makengeza ya mara moja moja yalisameheka mpaka sasa. Yanayobaki baada ya miezi minne yaonwe. Kisha mpige picha kwa simu, kwenye chumba chenye giza kidogo, flashi ikiwa imewashwa, akikutazama. Mboni zote mbili zikitoka nyekundu ni sawa. Moja ikitoka nyeupe, piga tena kutoka pembe nyingine, na ikirudia nyeupe nenda wiki hiyohiyo. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, inaweza kuwa saratani ya jicho, ambayo hospitali ya macho ya Ruharo huko Mbarara imekuwa ikiitibu. Chukua na hiyo picha.